Kwa nini uchumi hushamiri kisha ukadorora?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nimeuona uchumi ukipanda na kushuka mara kadhaa maishani mwangu. Kila ukishuka tunapewa sababu mpya: mara mafuta, mara benki, mara ugonjwa. Je, nyuma ya zote hizo kuna sababu moja ya kweli? Na kama wataalamu wanaijua, mbona hawazuii?"

Ndugu msomaji, sababu moja haipo. Kinachoanzisha mdororo hubadilika kutoka zama hadi zama, na orodha yake haina mwisho. Lakini njia zinazoligeuza pigo dogo kuwa janga ni chache, na zimejirudia kwa karne mbili bila kubadilika sana. Kwa hiyo nakuomba tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya: nini kilianzisha, na nini kilikuza. Swali la pili ndilo muhimu zaidi kwangu, kwa sababu humo ndimo mnamopatikana nafasi ya kuokoa ajira za watu.

Wengi hulijibu swali lako kwa methali kwamba mpanda ngazi hushuka, yaani uchumi ukishapanda kwa muda mrefu lazima uanguke. Kwa suala hili sikubaliani nayo. Kumbukumbu za Marekani, ambazo taasisi ya utafiti ya NBER imezipanga kurudi nyuma hadi 1854, zinaonyesha kwamba tangu Vita Kuu ya Pili vya Dunia vipindi vya ukuaji havikukaribia mwisho kwa sababu tu vimedumu sana. Ukuaji ulioanza Juni 2009 uliendelea kwa miezi 128, mrefu kuliko wowote ulioandikwa huko, na kilichoukatisha ni ugonjwa wa korona, si umri. Australia nayo ilitoka 1991 hadi 2020 bila pato lake la taifa kushuka robo mbili za mwaka mfululizo. Lingekuwapo gurudumu linalozunguka kwa muda maalumu, mambo haya yasingewezekana.

Hata hivyo gurudumu hilo limetafutwa kwa bidii. Mfaransa Clément Juglar, aliyesomea udaktari kabla ya kuhamia uchumi, alichapisha mwaka 1862 uchunguzi wake wa migogoro ya biashara, na jina lake likabaki kwenye mzunguko wa miaka 7 hadi 11. Mwingereza Stanley Jevons alijaribu kuihusisha misukosuko hiyo na madoa ya jua, akidhani jua huathiri mavuno na mavuno huathiri biashara. Mrusi Nikolai Kondratiev alieleza mawimbi marefu ya miaka 50 hivi. Utawala wa Stalin ulimuua kwa risasi mwaka 1938. Ninayemheshimu kuliko wote hao ni mwanatakwimu Eugen Slutsky. Mwaka 1927, akiwa Moscow, alichukua tarakimu za bahati nasibu ya serikali, tarakimu zisizo na mpangilio wowote, akawa anazijumlisha kwa mafungu yanayopishana. Matokeo yakawa mawimbi yaliyopanda na kushuka kwa namna iliyofanana mno na biashara ya Uingereza ya karne ya 19. Maana yake ni nzito: mapigo ya kubahatisha, yakiingia katika mfumo ambao jana yake huathiri leo yake, hutoa mawimbi yenyewe. Hakuna haja ya jua wala nyota.

Sasa swali linakuwa: mfumo huu unayabebaje mapigo hayo kutoka siku hadi siku?

Njia ya kwanza ni kwamba matumizi ya mtu mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Familia moja ikibana matumizi, inaweka akiba. Familia zote zikibana kwa wakati mmoja, wauzaji wanakosa wateja, waajiriwa wanapunguzwa, mapato yanashuka, na akiba iliyokusudiwa haipatikani. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliliweka jambo hili katikati ya nadharia yake mwaka 1936, na sijaona hoja iliyolivunja.

Ubaya ni kwamba si matumizi yote yanayoyumba sawasawa. Watu huendelea kula na kuvaa hata nyakati ngumu; kinachoporomoka ni ujenzi, mitambo na vitu vya kudumu. Chukua kiwanda chenye mashine 100 ambacho kila mwaka hubadilisha 10 zilizochakaa. Mwaka huu mauzo yake yanapanda kwa asilimia 10, kwa hiyo kinahitaji mashine 10 za nyongeza, na jumla kinaagiza 20. Mwaka unaofuata mauzo yanabaki palepale. Kiwanda sasa kinahitaji kubadilisha zilizochakaa tu, kama 11. Mauzo hayajashuka hata kidogo, lakini mtengenezaji wa mashine amepoteza karibu nusu ya biashara yake, na wafanyakazi wake wanarudishwa nyumbani. Ndiyo maana uchumi unaweza kuumia kwa sababu tu ukuaji umepungua kasi, kabla kitu chochote hakijaanguka.

Njia ya pili ni mikopo, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo misukosuko mikubwa ilipozaliwa.

Benki inapokopesha haitoi tu fedha ambazo mwingine ameziweka. Inaandika kiasi kipya katika akaunti ya mkopaji, na kiasi hicho ni fedha kamili inayonunua vitu. Hivyo wakati wa matumaini fedha huongezeka zenyewe. Zikielekezwa kwenye nyumba na viwanja, bei zinapanda. Bei zikipanda, nyumba ileile inakuwa dhamana ya mkopo mkubwa zaidi. Mkopo mkubwa zaidi unapandisha bei tena. Kila mmoja ndani ya mduara huu anaonekana mwenye busara: mkopaji ana mali inayozidi deni, benki ina dhamana nzuri, wasiolipa ni wachache. Takwimu za hatari huonekana safi kabisa pale hatari inapokuwa imefikia kilele.

Mmarekani Hyman Minsky, aliyefariki 1996 kabla hoja zake hazijapewa uzito unaostahili, aliwagawa wakopaji katika makundi matatu. Wapo ambao mapato yao yanatosha kulipa riba na deni lenyewe. Wapo wanaomudu riba tu, na deni inabidi walikopee upya kila muda unapoisha. Na wapo wasiomudu hata riba, ambao tegemeo lao lote ni kwamba mali waliyonunua itapanda bei. Utulivu ukidumu, watu huhama kutoka kundi la kwanza kwenda la tatu, kwa sababu wanaojihadhari huonekana wamepitwa na wenzao. Kwa maoni yangu huu ndio uchambuzi bora wa jinsi miaka mizuri inavyotengeneza udhaifu wa miaka mibaya, na tofauti yake na ile methali ni kubwa: kinacholeta hatari ni aina ya madeni yaliyojengwa wakati wa kupanda. Kupanda kwenyewe hakuna kosa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kulinganisha maanguko mawili ya Marekani yaliyopishana kwa miaka michache. Kati ya Machi 2000 na Oktoba 2002 soko la hisa la Nasdaq lilipoteza karibu asilimia 78 ya thamani yake. Hasara ya wenye hisa kwa ujumla hukadiriwa kufikia dola trilioni 5. Mdororo ulifuata, lakini ulidumu miezi 8 tu na ukosefu wa ajira haukuzidi asilimia 6.3. Kisha ikaja mikopo ya nyumba. Julai 2007 Ben Bernanke, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alitaja makadirio kwamba hasara za mikopo hatarishi zingekuwa dola bilioni 50 hadi 100. Hata kama hasara halisi ilikuja kuwa kubwa kuliko hapo, chanzo kilikuwa kidogo kikilinganishwa na kile cha 2000. Lakini mdororo huu ulidumu miezi 18, benki ya Lehman Brothers ikafilisika tarehe 15 Septemba 2008, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10 Oktoba 2009.

Kwa nini hasara ndogo iliumiza zaidi? Hisa za 2000 zilinunuliwa kwa sehemu kubwa na watu wenye nafasi, kwa fedha zao wenyewe. Hisa ikianguka, mwenyewe anasikitika na mambo yanaishia hapo. Nyumba za 2006 zilinunuliwa kwa mikopo, mara nyingi na familia ambazo nyumba ndiyo ilikuwa mali yao yote. Bei ilipoanguka, mali ya familia ilifutika na deni likabaki palepale. Familia hizo zikakata matumizi kwa nguvu. Upande wa pili, taasisi zilizoshikilia mikopo hiyo zilikuwa zenyewe zimekopa fedha za muda mfupi, nyingine za usiku mmoja, ili kugharamia mali za miaka 30. Waliowakopesha walipoingiwa na hofu, walikataa kurefusha muda, na mali ikalazimika kuuzwa kwa bei ya hasara, jambo lililoshusha bei za wengine wote.

Nitasema wazi kitu kinachoniuma hadi leo kuhusu 2008. Kuokoa benki kulikuwa lazima, maana malipo ya kila siku hupitia humo. Lakini wenye nyumba walipata msaada mdogo na uliochelewa, na mamilioni walipoteza makazi. Lilikuwa kosa la haki, na lilikuwa pia kosa la uchumi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wameacha kununua.

Mchumi Mmarekani Irving Fisher aliueleza mtego huu tangu 1933, baada ya kupoteza mali yake mwenyewe katika anguko la 1929. Wenye madeni wote wakikimbilia kuuza mali ili walipe, bei hushuka, na bei zikishuka uzito wa kila deni lililobaki huongezeka. Wanalipa, na bado wanadaiwa zaidi kwa thamani halisi. Hicho ndicho kilichotokea Marekani kati ya 1929 na 1933. Benki takribani 9,000 zilifungwa, fedha iliyokuwa katika mzunguko ikapungua kwa theluthi, na kufikia 1933 karibu robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Wachumi Milton Friedman na Anna Schwartz walionyesha mwaka 1963 kwamba benki kuu ilikuwa na uwezo wa kuzuia sehemu kubwa ya anguko hilo na haikuutumia. Japani ilipita njia kama hiyo kwa mwendo wa polepole: fahirisi ya hisa ya Nikkei ilifika 38,915 mwishoni mwa Desemba 1989 na haikukirudia kiwango hicho hadi Februari 2024. Riba ilishushwa hadi sifuri mwaka 1999, na bado makampuni mengi hayakutaka kukopa. Yaliendelea kutumia faida kulipa madeni ya zamani.

Sasa turudi kwenye vianzilishi, ambavyo nitavipitia kwa haraka zaidi. Kuna mapigo yanayotoka nje ya uchumi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliweka vikwazo vya mafuta, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imetoka takribani dola 3 hadi karibu dola 12. Nchi zilizoagiza mafuta zilipata bei za juu na ukosefu wa ajira kwa pamoja, jambo ambalo nadharia za wakati huo hazikulitarajia. Nchi inayotegemea zao au madini ya aina moja huishi na hatari hii daima: Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje kutokana na shaba, na bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, ilitumbukia katika unyonge wa miaka mingi ambao haukusababishwa na pupa ya mkopaji yeyote wa nyumba. Wachumi Finn Kydland na Edward Prescott, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2004, walikwenda mbali wakidai kwamba mabadiliko ya teknolojia na tija yanaeleza sehemu kubwa ya mawimbi yote. Naona walikuza mno sehemu yao ya ukweli. Ni vigumu kuamini kwamba mwaka 1931 wanadamu walisahau namna ya kuzalisha.

Na kuna midororo inayoletwa kwa makusudi. Paul Volcker aliposhika benki kuu ya Marekani Agosti 1979, mfumuko wa bei ulikuwa unaelekea asilimia 15 kwa mwaka. Alibana fedha hadi riba ya muda mfupi ikakaribia asilimia 20. Kufikia 1983 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3 hivi, lakini mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Maumivu hayakuishia huko. Nchi zilizokuwa zimekopa dola kwa riba inayobadilika zilijikuta zimebanwa koo. Agosti 1982 Meksiko ilitangaza haiwezi kulipa, na mgogoro wa madeni ukaenea Amerika ya Kusini na Afrika. Uamuzi wa chumba kimoja mjini Washington ulikuwa chanzo cha mdororo wa watu ambao hawakuwahi kukopa hata dola moja kwa majina yao.

Fedha za kigeni ni kikuzaji cha peke yake. Thailand ilipoiacha sarafu yake, baht, ielee, yaani bei yake iamuliwe na soko, tarehe 2 Julai 1997, makampuni yaliyokuwa na mapato ya baht na madeni ya dola yaliona madeni hayo, kwa hesabu ya baht, yakiongezeka mara mbili ndani ya nusu mwaka. Mgogoro huo ukaenea kwa majirani, na uchumi wa Indonesia ukanywea kwa takribani asilimia 13 mwaka 1998.

Kuhusu swali lako la mwisho, kwa nini hawazuii, kwanza niseme kwamba wamezuia zaidi ya watu wanavyofikiri. Kati ya 1854 na 1919 mdororo wa wastani wa Marekani ulidumu karibu miezi 22; kati ya 1945 na 2009 ulidumu karibu miezi 11, na vipindi vya ukuaji vikawa virefu zaidi ya mara mbili. Bima ya amana iliyoanzishwa baada ya sheria ya 1933 ilikomesha kwa kiasi kikubwa mbio za wateja wa kawaida kwenda kutoa akiba. Mafao ya wasio na ajira huzuia kupotea kwa mshahara kusigeuke papo hapo kuwa kupotea kwa mteja. Mwaka 2020, ingawa ukosefu wa ajira ulirukia zaidi ya asilimia 14 mwezi Aprili, serikali zilimwaga fedha kwa kaya na biashara, na mdororo wenyewe ukahesabiwa kuwa wa miezi miwili. Gharama ilikuja baadaye kwa njia ya mfumuko wa bei, na bado nashikilia kwamba ilikuwa nafuu kuliko kurudia 1931.

Kinachobaki ni kigumu kwa sababu tatu zinazoshikana. Wakati wa kushamiri, ni vigumu kutenganisha matumaini ya haki na upofu. Mwaka 1846 bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 250 za kuanzisha reli, na wenye hisa wengi wakafilisika, lakini nyingi ya reli zilijengwa na zikabadilisha nchi. Waliowekeza kwenye intaneti mwaka 1999 hawakukosea kuhusu intaneti; walikosea kuhusu bei na muda. Pili, riba ikipandishwa leo huchukua mwaka au zaidi kuuma, kwa hiyo benki kuu huendesha kwa kutazama takwimu za nyuma. Mwaka 1937 Marekani ilidhani imeshapona, ikabana bajeti na masharti ya benki kwa pamoja, na uzalishaji wa viwandani ukaanguka kwa takribani theluthi moja. Tatu, na hili ni la kisiasa: anayebana mikopo wakati kila mtu anafurahi hulaumiwa kwa hasara inayoonekana, na hakuna anayemshukuru kwa janga ambalo halikutokea.

Kuona mapema inawezekana kwa sehemu. Kipimo maarufu ni riba ya hati fungani (hati ambazo serikali hukopea) za muda mrefu kuwa chini ya ile ya muda mfupi. Kwa miongo mingi hali hiyo ilitangulia kila mdororo wa Marekani. Lakini ilitokea tena mwaka 2022 na ikadumu takribani miaka miwili bila mdororo kufuata katika muda huo. Ninachokiamini zaidi ni mwendo wa mikopo ukilinganishwa na mapato. Wachumi Moritz Schularick na Alan Taylor walichunguza nchi 14 kuanzia 1870 hadi 2008 na kukuta kwamba kukua kwa mikopo katika miaka iliyotangulia ndicho kiashiria bora cha misukosuko ya kifedha. Kipimo hicho hakikupi tarehe. Kinakupa picha ya ukubwa wa maumivu pigo likija, na pigo laweza kuwa lolote. Kwa hiyo kazi ya kufanywa katika miaka mizuri inajulikana: kuzilazimisha benki ziwe na mtaji wa kutosha wa wenyewe, kuweka kikomo cha mkopo dhidi ya thamani ya nyumba na mshahara wa mkopaji, kuzuia mali za muda mrefu zisigharamiwe kwa fedha za usiku mmoja, na kuwaweka mbali na madeni ya fedha za kigeni watu wanaopata mapato yao kwa sarafu ya nyumbani.